Ruzuku ya Awali ya Utafiti wa Afya (Nakuru)

Ruzuku ya awali ni fedha kiasi ambazo chuo kikuu huwatengea wataalamu wa fani mbalimbali, ili waungane kulijaribu wazo la tiba au la afya ya umma kabla ya kuwaendea wafadhili wakubwa, ambao aghalabu hawatoi senti pasipo dalili kwamba jambo lawezekana. Katika Nakuru mtu hukitazamia kwanza Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoasisiwa Njoro mwaka 1939 kuwa shule ya kilimo, kikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1987.

Haja ya ushirika huo yadhihirika katika maji: visima vingi vya Bonde la Ufa, kwa sababu ya miamba ya volkano, vina madini ya floridi yapitayo miligramu 1.5 kwa lita, kadiri iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, hata meno ya watoto huingia madoa ya hudhurungi. Na maradhi hayo tabibu peke yake hayawezi, pasipo mkemia, mjuzi wa miamba na mhandisi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru iliyachuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Mfano wa utafiti uliokua katika Nakuru ni ule wa macho wa 2007 na 2008, uliowapima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi, wakafuatwa tena kuanzia 2013. Na katika ufuatiliaji huo ndipo kipimo cha macho cha simu ya mkononi kilipojaribiwa.