Lugha ya ALGOL: wasemaji wachache, wazao wengi

Katika isimu tunafundisha kwamba lugha ni mali ya jumuiya inayoitumia, na kwamba ikikosa watumiaji hufa. Lugha za kuandikia programu za kompyuta hazisemwi nyumbani wala sokoni. Hata hivyo historia yake inalipima fundisho hilo kwa namna ambayo mwanaisimu hapaswi kuipuuza. Makala haya yanaitazama mojawapo, ALGOL, ambayo ilitungwa na kamati.

Ni vema kuanza na jirani yake. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa FORTRAN, iliyobuniwa na John Backus na wenzake kwa ajili ya mashine moja, IBM 704. Haikudai kuwa lugha ya ulimwengu. Mwanahisabati aliandika fomula yake, na mashine yenyewe ikaifasiri kuwa amri zake. Wenye mashine hiyo waliipokea, na kila programu waliyoandika ikawa sababu mpya ya kutoiacha.

ALGOL ilizaliwa kwa nia nyingine. Mwaka 1958 wataalamu wanne wa Ulaya na wanne wa Marekani walikutana Zürich, Uswisi, ili kuunda lugha isiyofungwa kwa mashine yoyote. Mkutano ulikwama juu ya alama moja: je, sehemu ya desimali itenganishwe kwa nukta, kama wafanyavyo Wamarekani, au kwa mkato, kama ilivyo desturi ya Ulaya bara na yetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa? Suluhisho lilikuwa kutenganisha ngazi tatu, yaani lugha ya marejeo, lugha ya kuchapishia na lugha ya mashine. Kila jumuiya ingeandika kwa alama zake, mradi muundo usibadilike.

Mnamo Januari 1960 kamati ilikutana tena, safari hii Paris. Miongoni mwa waliotia majina yao katika ripoti ni Bernard Vauquois, ambaye baadaye alijulikana kwa utafiti wa tafsiri kwa mashine huko Grenoble. Mhariri wake, Peter Naur wa Denmark, alieleza muundo wa sentensi za lugha hiyo kwa kanuni chache, akifuata mfumo ambao Backus aliutoa mwaka 1959. Kanuni hizo zina nguvu sawa na sarufi zisizotegemea muktadha ambazo Noam Chomsky alizieleza mwaka 1956 alipokuwa akichunguza lugha za binadamu.

Pamoja na uzuri huo, watumiaji hawakuja kwa wingi. Ripoti haikuweka amri ya kuingiza data wala ya kutoa matokeo. Kila kituo kilijitungia zake, na programu ya mahali pamoja ikashindwa kufanya kazi mahali pengine. Toleo la 1958 nalo lilikuwa limekwisha kuzaa lahaja huko Marekani, kama MAD, NELIAC na JOVIAL. Toleo jipya, ALGOL 68, lilielezwa kwa ugumu kiasi kwamba baadhi ya wajumbe, akiwemo Edsger Dijkstra, walitia sahihi tamko la kulipinga. Niklaus Wirth, aliyekwisha kujitenga, alitoa Pascal mwaka 1970, lugha ndogo iliyoenea katika ufundishaji vyuoni.

Je, ALGOL ilikufa? Watumiaji walitoweka, sarufi ikabaki. Desturi yake ya kufunga amri katika fungu lenye mwanzo na mwisho imerithiwa na Pascal na C. Nchini Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliipanua wakapata Simula 67, chimbuko la mtazamo wa kupanga programu kwa vitu, ambao leo ni msingi wa Java. FORTRAN nayo, ambayo watu wake hawakuihama, imedumu kwa kuazima mengi kutoka sarufi ya mpinzani wake. Kiwango chake kipya kilitolewa mwaka 2023.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar; Kongo haikuwa mjumbe. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua migodini na mitaani, kikiazima kilichokifaa. Kuna wanaodhani ni lazima tuchague kimoja na kukidharau kingine. Historia ya ALGOL haiungi mkono dhana hiyo: kamati huweza kutoa sarufi bora, lakini haiwezi kutoa wasemaji. Kiswahili sanifu tunachofundisha kisipompa mwanafunzi maneno ya kazi zake za kila siku, atajitungia yake, kama walivyofanya watu wa vituo vya ALGOL. Basi tusimlaumu; tuyakusanye maneno hayo, tuyachunguze, na yanayofaa tuyaingize katika masomo yetu.