Veranda ya Norfolk

Hapa Kitengela baa haidumu. Ile ya karibu na steji yetu imebadilisha jina mara tatu tangu nimalize sekondari, na kila mwenyewe mpya hupaka ukuta rangi yake na kusema sasa mambo yatakuwa tofauti. Nyama ni ile ile. Kwa hivyo nilipotaka kuona baa iliyodumu, ilibidi nipande matatu hadi Nairobi, nitembee hadi Harry Thuku Road, mkabala na Kenya National Theatre. Hapo ndipo ilipo Norfolk.

Ilifunguliwa siku ya Krismasi, 1904. Wenyewe wa kwanza walikuwa Meja Ringer na mwenzake Winearls. Ukiwa mtu wa Kajiado, mwaka huo unakuwasha kidogo. Miezi michache tu kabla, Agosti, viongozi wa Wamaasai walikuwa wametia alama kwenye mkataba uliowatoa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini, upande wetu huku. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaja mwingine, wa kuwatoa Laikipia pia.

Na walioachiwa yale malisho, wakishuka Nairobi walikuwa wanakunywa wapi? Norfolk, bila shaka. Iliitwa House of Lords kwa jinsi mabwana wakubwa walivyojaa humo, Lord Delamere akiwa mbele yao.

Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia. Bia ya chupa ilikuwa marufuku kwake hadi miaka ya 1940. Akiwa na kiu, aende Pumwani kwenye ukumbi wa pombe wa baraza la mji, na faida ibaki kwa baraza.

Lakini siku inayonisumbua ni Machi 16, 1922. Harry Thuku alikuwa amefungiwa kituo cha polisi hapo jirani. Umati ukaja kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, akawaambia wampe suruali zao wavae gauni lake. Polisi wakafyatua risasi. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga, yaani mtu anaweka glasi chini, anashika bunduki. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine wakahesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Leo anwani ya hoteli ni jina la Thuku, na sijui kama aliyeamua hivyo alikuwa anatania.

Mwaka 1927 ikanunuliwa na Abraham Block, Myahudi wa Lithuania aliyefika nchini 1903 bila mali ya maana. Familia yake ndiyo iliyokuwa nayo bomu lilipolipuka usiku wa Desemba 31, 1980, likaua watu takribani 20. Ikajengwa upya. Baadaye yakaja makampuni ya nje, ambayo hayana hadithi.

Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda, kwa hivyo historia yangu naisoma nikiwa nimesimama. Ila siku hiyo niliketi, pale pale verandani. Niliagiza Tusker moja, nikainywa polepole kwa sababu ya bei. Mhudumu, wa rika langu, akaniuliza natoka wapi.

"Kitengela."

Akacheka. Yeye ni wa Isinya. Jioni tunagombania matatu zile zile.