Sabuni, Mawese na Hisani ya Mabepari

Katika madarasa ya siasa wanafunzi hutuuliza: kampuni ikijenga zahanati kijijini, je, si jambo jema? Zahanati ni njema. Swali la historia ni jingine: fedha iliyoijenga imetokana na jasho la nani, na nani aliyekata shauri kwamba ijengwe?

Tumtazame William Lever, bepari wa sabuni wa Uingereza. Mwaka 1888 alianza kujenga mji wa Port Sunlight, karibu na Liverpool, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake. Nyumba zilikuwa nzuri kweli kweli, zenye bustani, na shule ilikuwapo. Lever aliuita utaratibu huo kugawana faida. Lakini mgao wenyewe hakuutia mikononi mwa wafanyakazi; alidai wangeumaliza kwa pombe, peremende na mabata bukini ya Krismasi. Yaani mvuja jasho azalishe, tajiri amchagulie namna ya kuishi.

Sabuni inataka mafuta. Mwaka 1911 Lever alitiliana mkataba na Serikali ya Ubelgiji, akaruhusiwa kujipatia hadi hekta 750,000 za misitu ya michikichi katika Kongo. Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wasiende mbio. Mkataba ule uliitaka kampuni ijenge shule na hospitali, na ulitaja kima cha chini cha mshahara: sentimu 25 kwa siku. Wajibu kwa jamii, ambao leo tunaambiwa ni fikra mpya, uliandikwa wakati ule, tena na wakoloni!

Hospitali zilijengwa. Hata hivyo watu wa bonde la Kwilu hawakuona sababu ya kukwea michikichi ya babu zao ili wakate mikungu kwa faida ya mgeni. Basi dola ya kikoloni ikatumia kodi, machifu na nguvu kuwapeleka kazini Leverville, mji unaoitwa sasa Lusanga. Lever alifariki mwaka 1925; shuruti haikufa naye. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoangusha bei ya mawese, malipo yalipungua na kodi ikabaki. Mwaka 1931 Wapende waliasi, wakamuua ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot. Jeshi liliua Wapende zaidi ya 500.

Mkataba wa 1911 ulikuwa na pande mbili tu. Wenye michikichi hawakuwa upande wowote.

Hapa Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mitaa ya mahali hapo. Upande wa tatu umepata kiti. Ila halmashauri ni kitu kimoja, na wanakijiji waliokusanyika ni kitu kingine. Makada wa wilaya zenye migodi waanze na kazi hii: wauombe mpango wa mwaka huu, wausome mbele ya mkutano wa kijiji, kifungu kwa kifungu, na waandike yatakayosemwa.