Ngozi ya Mnyama na Vazi la Karatasi

Msomaji, huenda umepata kuona, siku ya sherehe shuleni au katika uwanja wa mji, kundi la vijana waliojivika sura za wanyama. Mmoja ana pembe ya kifaru iliyoundwa kwa karatasi na gundi. Wa pili ana mkia wa mbega uliosokotwa kwa nyuzi za katani. Wa tatu amejichora madoa ya chui kwa rangi na makaa. Wenzao hupita kati ya watu na kikapu, wakiomba mchango wa kuwalinda wanyama wa mwituni. Wako watu wanaocheka na kusema kwamba huo ni mchezo wa watoto, tena umeletwa kutoka ng'ambo. Katika insha hii nataka kukuonyesha kwamba mchezo huo una mizizi mirefu, na kwamba yawahusu sana wenyeji wa Busia na Malaba, pale Kenya inapopakana na Uganda.

Tuanze na wazee. Katika nchi ya magharibi kujivika mnyama si jambo geni. Miongoni mwa Waluhya, mzee mwenye cheo alijulikana kwa joho la ngozi ya mbega, nyeusi yenye manyoya marefu meupe, nalo halikuvaliwa na kila mtu wala kila siku. Kwa Watiriki, vijana waliokuwa wakitahiriwa walicheza mbele ya watu huku nyuso zao zimefunikwa. Kwa Waiteso, ambao wanakaa pande zote mbili za mpaka wa Malaba, manyoya ya mbuni yalikuwa pambo la heshima kichwani. Aliyevaa hivyo alikuwa akisema bila kufungua kinywa kwamba nguvu na uzuri wa mnyama yule vimemkalia yeye.

Lakini wazee hao hao walikuwa na desturi ya pili, nayo aghalabu husahauliwa. Koo nyingi za Waluhya na za Waiteso zilikuwa na mwiko wa mnyama au ndege fulani. Mtu wa ukoo ule hakumla mnyama wake, na mara nyingine hakuthubutu hata kumdhuru. Alijivunia kuwa na uhusiano naye, lakini hakumwaga damu yake ili kuuonyesha. Basi, msomaji, yaweke akilini mambo haya mawili, ngozi na mwiko, maana tutayarudia.

Je, ni majoho ya wazee yaliyowamaliza wanyama? La, hasha. Joho moja lilidumu miaka mingi, na wenye haki ya kulivaa walikuwa wachache. Maangamizi yaliletwa na biashara. Mumias, mji usio mbali na Busia, ulikuwa kituo cha misafara ya Waswahili waliotoka pwani kutafuta pembe za ndovu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mwindaji Mskoti, W. D. M. Bell, alifanya Mumias kuwa mahali pa kuandalia safari zake za kwenda Karamoja, na katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya elfu moja. Mwaka wa 1902 Waingereza waliikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Ndipo Mto Sio na Mto Malaba ilipokuwa sehemu ya mpaka, na watu wa kabila moja wakajikuta katika nchi mbili. Baadaye reli ilipita Malaba, ikafika Kampala mwaka wa 1931. Njia ikawa nyepesi kwa pamba na kahawa, na kwa kila kitu kingine kilichoweza kuuzwa.

Wala usidhani kwamba walionunua walikuwa Waafrika. Katika karne ya kumi na tisa ngozi za mbega zilipelekwa Ulaya kwa maelfu, zikawa mapambo ya wanawake. Katika miaka ya 1960 makoti ya chui yalipendwa mno Ulaya na Marekani, na kila koti lilihitaji chui kadhaa. Mzee wa kwetu alivaa ngozi moja akairithisha. Mji mkubwa wa ng'ambo ulivaa ngozi nyingi kwa msimu mmoja, kisha ukazitupa mtindo ulipobadilika. Mwaka wa 1973 ndipo mataifa yalipotia sahihi, katika mji wa Washington, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Mkataba huo haukuzuia hasara mara moja. Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 hivi mwaka wa 1973. Kufikia mwaka wa 1989 walibaki 16,000 hivi. Vifaru weusi walikuwa karibu 20,000 mwaka wa 1970. Miaka ishirini haikupita kabla ya kupungua hata wasifike 400. Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa mabaya zaidi: kufikia mwaka wa 1983 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja wa mwituni, ikapasa kuanza upya kwa kuwaleta wengine katika hifadhi ya Ziwa mwaka wa 2005. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ili dunia ione kwamba pembe iliyo mbali na ndovu haina thamani.

Sasa tazama vijana walifanya nini. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha Vilabu vya Wanyamapori, navyo vilikuwa vya kwanza vya namna yake katika Afrika. Walitambua kwamba mtoto asiyemjua mnyama hawezi kumlilia anapotoweka. Kisha akatokea kijana wa Mombasa, Michael Werikhe. Alikuwa amefanya kazi katika ghala ya serikali, akipanga pembe za ndovu na za vifaru waliouawa, na kazi hiyo ilimchoma moyo. Mwaka wa 1982 akatembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 500, huku amembeba chatu wake mabegani. Watu walitoka majumbani kumtazama chatu, wakabaki kusikiliza habari za kifaru. Mwaka wa 1985 akatembea tena katika Afrika Mashariki, na Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi alizopita; mwaka wa 1988 alitembea Ulaya, na mwaka wa 1991 Amerika ya Kaskazini. Safari zake zilichangisha fedha nyingi kwa ajili ya vifaru, naye mwaka wa 1990 alipewa Tuzo ya Goldman. Alifariki mwaka wa 1999, baada ya kushambuliwa na wahalifu mjini Mombasa.

Werikhe alituachia fundisho moja kubwa: jicho hutangulia, sikio hufuata, na mkono hufika mfukoni mwisho. Fundisho hilo hilo walilifahamu watu wa shirika la Save the Rhino. Tangu mwaka wa 1992 wakimbiaji wao wameshiriki mbio ndefu za London wakiwa ndani ya mavazi ya kifaru yenye uzito wa kilo 10 hivi, mavazi ambayo kwanza yaliundwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani. Mtu anayekimbia kilomita 42 na mzigo kama huo hahitaji kuhubiri sana. Watu humchangia kwa sababu wanaona taabu yake.

Katika Afrika Kusini ipo habari inayotugusa zaidi. Wafuasi wa kanisa la Shembe huvaa ngozi za chui katika ngoma zao za ibada, na kwa kuwa wafuasi ni wengi, chui walikuwa wakiuawa kwa wingi. Kuanzia mwaka wa 2013 shirika la Panthera lilishirikiana na viongozi wa kanisa, wakatoa ngozi za kuigiza zilizotengenezwa kwa kitambaa. Maelfu wamezikubali. Ibada haikupungua heshima, na chui amebaki na ngozi yake mgongoni.

Hapa ndipo mambo yetu mawili yanapokutana. Vazi la karatasi halikuzaliwa na ngozi, limezaliwa na mwiko. Mzee wa mwiko alijinasibisha na mnyama bila kumdhuru; kijana wa leo hujivika sura ya mnyama bila kumchuna. Basi anayesema kwamba vijana hawa wameiga wageni tu hajaifikiri historia ya babu zake.

Lakini kwa nini Busia na Malaba, mahali pasipo mbuga ya taifa, ambapo mtoto huona malori mamia kabla hajaona mnyama mmoja wa mwituni? Sababu ni malori hayo hayo. Barabara kubwa za kutoka Uganda kwenda Mombasa hupita katika miji hii miwili. Katika miaka ya 2010 sehemu ya pembe za ndovu zilizokamatwa bandarini Mombasa ziligunduliwa kuwa zilitoka upande wa Uganda, zikiwa zimefichwa ndani ya shehena za bidhaa nyingine. Madereva, matarishi, wabadilishaji fedha, wachuuzi na maafisa wa forodha hukutana mpakani kila siku. Vijana wakicheza ngoma ya ndovu hapo, yamkini miongoni mwa watazamaji yuko mtu anayejua kilichomo chini ya magunia. Uwanja wenye haja kubwa zaidi ya ngoma hiyo ni upi?

Tena wanyama wapo, ila hawaonekani kirahisi. Katika kinamasi cha Yala, kilicho upande wa Busia na Siaya, anaishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope. Viboko wako ziwani. Korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda, hutaga katika majaruba na vinamasi vya pande zote mbili, huvuka mpaka bila kuulizwa pasi. Naye mwaka wa 2012 alitiwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Ukitaka kuandaa harambee ya mavazi, chagua hawa wa nyumbani kabla ya simba na twiga wa mbali. Mafunjo ya kinamasi, magunia makuukuu na karatasi za magazeti zatosha.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa. La kwanza, ngozi halisi, hata ile ya babu iliyotundikwa ukutani, isiletwe uwanjani; sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 yakataza kuwa na sehemu ya mnyama wa mwituni bila kibali, na zaidi ya sheria, ngozi hiyo ingetangua maana ya siku nzima. La pili, kila shilingi iandikwe, ya Kenya kwa upande wake na ya Uganda kwa upande wake, kisha hesabu isomwe mbele ya waliotoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hupotea pamoja na jina jema la kikundi, na harambee ya pili haitapata mtu. La tatu, waliochanga waambiwe waziwazi fedha zitafanya kazi gani, iwe ni kupanda mafunjo, kununua vitabu vya kilabu, au kuwapeleka wanafunzi kumwona nzohe kwa macho yao.

Msomaji, babu yako aliyevaa joho la mbega alitaka watu wamheshimu kwa ajili ya mnyama. Wewe unayevaa mkia wa katani unataka watu wamheshimu mnyama kwa ajili yako. Kazi yako ni ngumu kuliko ya babu, kwa maana yeye mbega alikuwa tele msituni, na wewe umeachiwa wachache. Lakini siku ngoma itakapokwisha, utavua vazi lako na kuliweka pembeni ukiwa mzima, na yule mnyama uliyemwiga, huko kinamasini aliko, atakuwa mzima vilevile.