Chartres: Giza la Wasafiri, Rangi ya Waashi

Desemba 2014 mhakiki wa usanifu wa Marekani, Martin Filler, aliandika katika The New York Review of Books kulalamika kwamba kanisa kuu la Chartres linaharibiwa na watu waliopewa kazi ya kulitunza. Aliingia humo akitarajia utusitusi uliosifiwa vitabuni kwa zaidi ya karne moja: kuta zilizoiva weusi, na juu yake vioo vya rangi vinavyowaka peke yake gizani. Alichokikuta ni kuta za manjano iliyopauka, zilizochorwa mistari myeupe kuigiza maungio ya mawe. Ukarabati huo ulikuwa umeanza mwaka 2009 chini ya msanifu Patrice Calvel. Filler aliuita kashfa, wengine wakamuunga mkono, na waraka wa kutaka kazi isimamishwe ukasambazwa.

Ndani ya hasira hiyo kuna dai la kihistoria ambalo wengi walilimeza bila kulitafuna, kwamba giza lile ni la asili, na kwamba aliyejenga Chartres alitaka mgeni aingie gizani. Wanahistoria wa sanaa Madeline Caviness na Jeffrey Hamburger walijitokeza kulipinga, na ushahidi uko upande wao. Mafundi walipopanda majukwaani walikuta chini ya uchafu lipu ya karne ya 13 ikiwa bado imeshika sehemu kubwa ya kuta na matao ya dari, na rangi yake ni hiyohiyo ya udongo wa manjano, na mistari yake myeupe ni hiyohiyo. Weusi uliletwa na mishumaa na taa za mafuta za karne nyingi, na moshi wa moto mkubwa wa mwaka 1836, na mitambo ya kupasha joto ya siku za karibuni. Filler alikuwa akitetea masizi.

Msomaji aliyefika Kilwa Kisiwani hatashangaa. Kuta za Msikiti Mkuu zinaonyesha leo matumbawe matupu, na wageni huyapiga picha hivyo yalivyo, ilhali waliosali katika msikiti huo enzi zake waliona chokaa. Chartres iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, Kilwa na Songo Mnara mwaka 1981, na pande zote mbili mgeni hupenda kudhani kwamba alichokikuta ndicho kilichokuwapo.

Historia ya jengo lenyewe inafahamika. Mwaka 876 mfalme Charles le Chauve alilipa kanisa la Chartres kitambaa kilichoaminika kuwa vazi la Bikira Maria, na mahujaji wakaanza kumiminika. Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 moto uliteketeza kanisa la wakati huo, ukasaza uso wa magharibi wenye minara na kikanisa kikubwa cha chini ya ardhi. Kitambaa kilitoka salama, ujenzi ukaanza upya mara moja, na mwaka 1260 kanisa jipya likawekwa wakfu. Hayo yanapatikana katika kijitabu chochote cha watalii.

Kinachosahaulika ni sauti ya wasafiri wa mwanzo. Wanaoandika juu ya wageni wa Chartres huanza na waandishi wa karne ya 19, kana kwamba kabla yao hakuna aliyefika akasimulia. Ipo barua ya mwaka 1145, ambayo Hugues, askofu mkuu wa Rouen, alimwandikia Thierry, askofu wa Amiens. Anaeleza kwamba huko Chartres watu wameanza kuvuta mikokoteni kwa mikono yao wenyewe kusaidia ujenzi wa kanisa. Kwamba watu wa Normandie waliposikia habari hiyo waliomba baraka zake, wakaenda Chartres kutimiza nadhiri, kisha wakarudi kufanya vivyo hivyo kwao. Hakuna aliyekubaliwa katika misafara hiyo kabla ya kuungama dhambi na kupatana na adui zake. Walichagua kiongozi, wakatembea chini ya amri yake kwa kimya na unyenyekevu.

Robert de Torigni, mtawa wa Normandie aliyeandika historia ya zama zake, analitaja jambo hilohilo na kuorodhesha mizigo: mawe, mbao, nafaka, na vitu vingine vya kusaidia kazi ya kanisa, ambalo minara yake ilikuwa ikijengwa wakati huo. Abati Haimon wa Saint-Pierre-sur-Dives, katika barua kwa watawa wenzake wa Tutbury, Uingereza, anaongeza kwamba hata wakubwa na wanawake wa kikabaila walijifunga kamba za mikokoteni, na kwamba usiku waliizungushia mishumaa na kuwaombea wagonjwa waliowabeba.

Wapo wanaoziona barua hizi kuwa mahubiri tu, na ni kweli kwamba Haimon ana maneno mengi ya kusisimua. Lakini waandishi watatu, kila mmoja kwa kalamu yake, wanakutana kwenye mikokoteni, na minara ile ya magharibi ni miongoni mwa vilivyopona moto wa 1194. Mnara wa kusini unapanda mita 105 na umesimama hadi leo. Kumtupa Hugues, ambaye maelezo yake ni makavu na ya kiutawala, ni kukataa ushahidi wa karibu zaidi tulio nao kuhusu watu waliosafiri kwenda Chartres wakiwa na mzigo mabegani.

Wasafiri hao walikuta mji wenye kelele. Sikukuu za Bikira Maria zilikuwa siku za magulio, na vibanda vilijaa kwenye viwanja vya kanisa, ambako baraza la mapadri lilikuwa na mamlaka na wafanyabiashara walipata nafuu ya ushuru wa kabaila. Chini ya ardhi palikuwa na hospitali. Watu walioungua viungo kwa ugonjwa unaotokana na mkate wa nafaka iliyoota kuvu waliletwa humo kulala na kuuguzwa karibu na kisima cha kale. Juu yao, katika vioo vya madirisha ya kanisa jipya, walichorwa waoka mikate, washona viatu, wauza manyoya na wabadilisha fedha, kila mmoja akiwa kazini kwake. Kwa miaka mingi picha hizo zilisomwa kama stakabadhi za michango ya vyama vya mafundi. Mwaka 1993 Jane Welch Williams alilitilia shaka jambo hilo, akionyesha jinsi waoka mikate na wauza mvinyo walivyobanwa na mapadri wa kanisa. Hoja yake ina uzito, kwa sababu mji huu haukuwa familia moja yenye furaha: Oktoba 1210 umati wa wenyeji uliivamia nyumba ya mkuu wa baraza la kanisa, na mfalme Philippe Auguste akautoza mji faini.

Katikati ya sakafu kuna njia ya mizunguko iliyochorwa kwa mawe, yenye kipenyo cha karibu mita 13, ambayo wageni wa leo huitembea polepole siku za Ijumaa viti vinapoondolewa. Huambiwa kwamba mahujaji wa kale waliipita kwa magoti badala ya kwenda Yerusalemu. Hakuna andiko la wakati wa ujenzi linalosema hivyo, na hadithi hiyo haifai kukaa zaidi katika makala haya.

Giza, basi, lilianza kupendwa lini? Katika karne ya 18 mapadri wa Chartres wenyewe walilichukia. Mwaka 1763 walivunja ukuta wa mawe uliochongwa uliotenga altare na waumini. Wakafunika nguzo za upande wa altare kwa marumaru na plasta ya mtindo mpya, wakasimamisha sanamu kubwa ya Charles-Antoine Bridan ya kupalizwa kwa Maria, kisha wakang'oa baadhi ya vioo vya rangi na kuweka vioo vyeupe ili sanamu ionekane vizuri. Hasara hiyo haifidiki. Lakini inathibitisha kwamba watu walioishi na jengo hilo kila siku waliona giza kuwa kero.

Upepo uligeuka baada ya Mapinduzi. Mwandishi Chateaubriand, mwaka 1802, aliwafundisha Wafaransa kuyaona makanisa ya Kigothi kama misitu, na msitu una kivuli. Mchoraji Corot alikimbilia Chartres mwaka 1830 wakati Paris ikiwa katika ghasia, akalichora kanisa kwa nje, katika mwanga safi wa mchana. Juni 1836 paa la mbao likaungua lote, na Victor Hugo akafika mwaka huohuo kutazama magofu ya juu. Paa jipya lilijengwa kwa chuma na kufunikwa shaba, ambayo imegeuka kijani na huonekana kutoka mbali kwenye mashamba ya ngano ya Beauce. Mwaka 1849 reli kutoka Paris ikafika. Mgeni sasa aliweza kuja asubuhi na kuondoka jioni, na aliingia katika kanisa ambalo moshi wa 1836 ulikuwa umekwisha kulipaka.

Hapo ndipo alipotokea Joris-Karl Huysmans. Riwaya yake La Cathédrale, ya mwaka 1898, inamwingiza mhusika wake mkuu, Durtal, kanisani kabla ya alfajiri, gizani kabisa, na kumfanya angoje mpaka vioo vianze kupata uhai. Ni ukurasa wenye nguvu, na ndio uliowafundisha wasomaji wengi namna ya kuingia Chartres. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi, watu wakakitumia kama mwongozo wa safari. Huysmans aliandika kwa moyo wa mtu aliyerudi katika imani, na hilo lastahili heshima. Ila alichokiona ni kanisa la miaka ya 1890, na hakuwa na njia ya kujua kwamba nyuma ya weusi kulikuwa na rangi.

Henry Adams ni habari nyingine. Mmarekani huyu, kitukuu na mjukuu wa marais, aliiona Chartres mwaka 1895 na hakuweza kuiacha tena. Mwaka 1904 alijichapishia nakala 100 za kitabu chake juu ya Mont-Saint-Michel na Chartres, akazigawa kwa marafiki. Toleo la umma lilitoka 1913. Amekiandika kama mjomba anayewatembeza wapwa zake Ufaransa wakati wa kiangazi. Kwake kanisa zima ni jumba la malkia mmoja, Bikira, aliyependa rangi na nafasi, na karne ya 13 ni wakati ambapo watu wote walitaka kitu kimoja. Adams ana jicho kali kwa vioo, pengine kuliko mgeni yeyote kabla yake. Ila umoja alioukuta Chartres aliuleta mwenyewe kutoka Marekani ya viwanda iliyomchosha. Waliovamia nyumba ya mkuu wa baraza hawana nafasi katika jumba la malkia wake. Wala mfanyabiashara anayekimbia ushuru. Kitabu hicho bado kinasomwa na Wamarekani wanaopanda treni kwenda Chartres, na huenda sehemu ya machungu ya 2014 ilianzia humo.

Mshairi Rainer Maria Rilke alikuja Januari 1906 pamoja na mchongaji Rodin, siku ya baridi yenye upepo mkali, na aliporudi aliandika shairi juu ya malaika wa mawe anayeshika saa ya jua kwenye pembe ya kusini ya jengo. Saa hiyo ilichongwa mwaka 1578, karne kadhaa baada ya malaika. Miaka sita baadaye mshairi Charles Péguy alifika kwa miguu. Mwanawe alikuwa ameugua homa ya matumbo, naye akaweka nadhiri: kilomita 144 kwa siku tatu, kwa hesabu yake mwenyewe, akivuka Beauce huku minara ikionekana mbele yake saa nyingi kabla ya kuifikia. Péguy aliuawa vitani Septemba 1914, na baadaye wanafunzi wa Paris wakaanza kufuata njia yake kila mwaka. Kati ya wageni wote wa zama hizi yeye ndiye aliye karibu zaidi na watu wa Hugues wa Rouen. Alichokitafuta Chartres hakikutegemea hali ya kuta.

Vita vya pili vilipita hapa kwa njia yake. Vioo viling'olewa na kufichwa mwaka 1939, na tarehe 16 Agosti 1944 kanali Mmarekani, Welborn Griffith, aliingia kanisani kuhakikisha kwamba hakuna Wajerumani minarani, akauawa siku hiyohiyo jirani na mji. Kisha katikati ya miaka ya 1970 vioo vya magharibi vikasafishwa, na wachoraji wakaandamana kwa kalamu wakisema buluu yake imepotea. Hoja zao zilikuwa karibu zilezile za Filler.

Kuhusu kuta, ukarabati una haki. Lakini mafundi hawakuishia ukutani. Katika kanisa hilo kuna sanamu ya mbao ya mwanzoni mwa karne ya 16, Mama Yetu wa Nguzo, ambayo kwa vizazi kadhaa ilikuwa nyeusi na ikasaliwa kama Bikira mweusi. Nayo ilisafishwa na kupakwa rangi, na sasa ina uso mweupe wenye mashavu mekundu. Watetezi wa kazi hiyo hujibu kwa hoja ileile ya masizi, na kwa upande wa rangi asilia huenda wako sahihi. Hata hivyo sanamu si ukuta. Hakuna aliyepigia magoti weusi wa dari, bali mbele ya uso ule watu waliwasha mishumaa wakijua wanamwomba nani, na moshi wa mishumaa hiyo ni sehemu ya sala zao. Sanamu nyingine nyeusi ya Chartres, ile ya kikanisa cha chini, ilichomwa mwaka 1793, na nakala iliyotengenezwa mwaka 1857 ikaondolewa 1976 kupisha nyingine isiyo nyeusi. Mahujaji walikuwa tayari wamempoteza mmoja. Kabla ya kugusa wa pili, walistahili kuulizwa kwanza.