Chimbuko la Ushonaji katika Pwani ya Afrika Mashariki

Maandishi ya kale zaidi yanayotaja kazi ya kushona katika pwani ya Afrika Mashariki yanahusu vyombo vya baharini. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unautaja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, unaodhaniwa kuwa ulikuwa katika pwani ya Tanzania ya leo. Mwandishi anaeleza kwamba mji ulipata jina hilo kutokana na mashua zake za kushonwa. Katika orodha ya bidhaa zilizoletwa huko kutoka bandari ya Muza, nchini Yemeni, mna mikuki, mashoka, visu na vyuma vidogo vya kutobolea.

Ufundi huo ulidumu kwa karne nyingi na ulifahamika zaidi kwa jina la mtepe, chombo kilichoundwa hasa na Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Mbao za mtepe hazikupigwa misumari. Zilitobolewa kandokando, zikaunganishwa kwa kamba za usumba, kisha matundu yakazibwa ili maji yasipenye. Kamba zenyewe zilitokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni hadi yakalainika, yakapondwa na kusokotwa. Chombo kilichoshonwa namna hii hunyumbulika kidogo kinapogusa mchanga au mwamba, jambo lenye faida mahali ambapo vyombo hupwelewa ufukweni maji yakitoka. Mitepe ilitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20.

Tanga la mtepe nalo lilikuwa jamvi la miyaa, na hapo ndipo kazi ya wanaume baharini ilipokutana na kazi ya wanawake nyumbani. Mkeka wa pwani hausukwi mzima kwa mara moja. Majani ya ukindu au miyaa huchanwa, hukaushwa na mengine hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili, yaani ukanda mwembamba wenye urefu wa pima nyingi. Ukili huo ndio unaoshonwa ukingo kwa ukingo mpaka upana wa mkeka upatikane. Mwanamke aliyekuwa akishona mikeka na misala alijua tayari kupima, kulinganisha nakshi za pande mbili na kuficha maungio, hata kama hakuwahi kushika kitambaa cha pamba.

Msamiati wa kazi hii unahifadhi historia yake. Kushona, uzi na sindano ni maneno ya asili ya Kibantu, na yanaonyesha kwamba msingi wa kazi ulikuwa wa wenyeji. Mkasi umetoka katika Kiarabu. Darizi, yaani kutia nakshi kwa uzi, linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya mshoni, na cherehani linahusishwa na neno la Kiajemi la gurudumu. Leso ni neno la Kireno.

Nguo za pamba zilifumwa pwani karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Huko Kilwa Kisiwani, wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya kusokotea uzi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilisafirishwa hadi Misri. Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 waliikuta pamba ikistawi kisiwani. Hata hivyo, wingi wa nguo haukuleta moja kwa moja wingi wa mishono. Vazi la watu wengi lilikuwa kipande kizima kama kilivyotoka mtandeni, kikifungwa kiunoni au kutupwa begani. Shuka na kikoi havihitaji fundi, ila kupindwa ncha au kusokotwa matamvua ili nyuzi zisifumuke.

Vazi la kukatwa na kushonwa lilikuwa alama ya cheo na elimu ya dini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme wa mji alivaa joho la hariri lililotiwa ukingo wa atlasi ya kijani. Kanzu, ambayo baadaye ikawa vazi la heshima la wanaume wote wa pwani, inaonyesha ujuzi ambao shuka haikuudai. Fundi hukata badani mbele na nyuma, huongeza taharizi ubavuni ili vazi lipate nafasi, hutia kikwapa chini ya mkono usibane, hukunja sijafu kwenye mikono na kuimarisha shingo kwa kaba. Kila kipande kina jina lake, na fundi hupimwa kwa jinsi anavyoviunganisha.

Karne ya 19 iliufanya ushonaji kuwa kazi ya watu wengi. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho watu walikiita merikani, na mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipunguza shehena hiyo, na viwanda vya Uingereza na India vikapata nafasi. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubalika sana, ni katika nusu ya pili ya karne hiyo ambapo wanawake wa mijini walianza kununua leso zilizouzwa kwa jora, wakazikata tatu tatu na kuunga safu mbili, hivyo wakapata nguo moja ya vipande sita. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inapendwa, waliagiza iliyopigwa chapa ikiwa nzima, na kanga ikazaliwa. Mpaka leo kanga huuzwa doti, vipande viwili vikiwa vimeshikana, na mnunuzi ndiye anayeikata na kuipinda.

Kukomeshwa kwa utumwa, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, kuliongeza haja ya washoni. Watumwa walikuwa wakivaa merikani au kaniki (kitambaa cheusi) isiyoshonwa, na wanaume wao hawakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya mabwana. Walipopata uhuru, kanzu na kofia kwa wanaume, na kanga kwa wanawake, vikawa namna ya kuonyesha kwamba mtu ni muungwana kama wengine.

Kofia ya kushonwa kwa mkono ni duara la utosini na ukanda unaozunguka kichwa, vyote vya kitambaa cheupe kilichopandanishwa. Nakshi huchorwa kwanza, kisha vitundu vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi mmoja mmoja. Kazi hii huweza kuchukua miezi, na kwa kuwa hushikika mapajani, wanawake waliifanya majumbani katikati ya shughuli nyingine. Kofia ya aina hiyo huvaliwa pia Oman, ambako huitwa kumma.

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1851, na kabla karne hiyo haijaisha mashine za namna hiyo zilikuwa zimefika Zanzibar na Mombasa. Mafundi wa Kihindi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia. Utaratibu uliojengeka ulikuwa rahisi: mteja alinunua kitambaa ndani ya duka, akatoka barazani kupimwa na fundi aliyeketi hapo na cherehani yake. Kazi ya barazani ilishikwa na wanaume. Wasichana walifundishwa sindano katika shule za misheni, kama ile ya Mbweni, Zanzibar, iliyowapokea watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye masomo hayo yaliingia katika shule za serikali kama sehemu ya maarifa ya nyumbani, na katika karne ya 20 wanawake wengi wakafungua vyumba vyao vya ushonaji.

Cherehani haikuzimaliza kazi za mkono. Ilichukua kanzu, magauni na sare za shule, kwa sababu mishono mirefu iliyonyooka ya nguo hizo ndiyo iliyokula muda wa fundi. Ukili bado hushonwa kwa mkono, na ingawa kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei nafuu, ya mkono ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya harusi na Idi.