Kukoleza rangi ya waridi: tulianzia wapi?

Leo historia kidogo. Wengi hudhani kukoleza rangi za picha kulianza na Photoshop, iliyotoka 1990. La hasha. Mwaka 1978 Mmarekani Alvy Ray Smith alichapisha njia ya kuieleza rangi kwa namba tatu: aina yake, ukolevu na mwangaza. Skrini yenyewe hujua nyekundu, kijani na buluu tu. Kwa njia hii unakoleza bila kugeuza aina ya rangi.

GIMP ilipotoka 1996, kazi ya wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, hata asiye na pesa ya leseni akaweza.

Lakini hesabu ina mpaka. Katika picha ya kawaida kila rangi huanzia 0 hadi 255. Ukilikoleza waridi jekundu kupita kiasi, nyekundu hugota 255, kijani na buluu huanguka 0, na mikunjo ya petali hupotea. Kwa muuza maua wa Naivasha hilo si dogo: mnunuzi wa mbali huamini picha. Mimi husimama mistari ya petali ikiwa bado inaonekana.